Mkuki, Ng'ombe na Chombo cha Angani: Mali na Zana katika Usawiri wa Wahusika wa Michezo ya Dhima

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, mhusika huchunguzwa aghalabu kupitia kwa usemi wake, matendo yake, jina alilopewa na yale ambayo wahusika wengine wanayasema kumhusu. Ni nadra kumpata mhakiki anayeuliza swali la kawaida kabisa: mhusika huyu ana nini mfukoni? Chombo anachokitumia kilinunuliwa na nani? Kikiharibika, atakitengeneza kwa fedha zipi? Maswali haya huonekana kuwa ya mhasibu wala si ya mhakiki. Hata hivyo, upo utanzu mmoja wa usimulizi ambao hauwezi kuanza kabla ya maswali hayo kujibiwa, nao ni michezo ya dhima ya mezani, hususan ile yenye maudhui ya bunilizi ya kisayansi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mali na zana zinavyofanya kazi katika usawiri wa wahusika wa michezo hiyo. Ili maelezo yasielee hewani, yatalinganishwa na jamii ambayo mali na zana ziliwahi kuamua nani aoe, nani aheshimiwe na nani ashindwe vitani, yaani jamii ya Abagusii wa Kaunti za Kisii na Nyamira. Ulinganishi huu huenda ukaonekana wa ajabu kwa msomaji. Chombo cha angani kina uhusiano gani na ng'ombe wa Nyaribari? Uhusiano upo, na ni wa karibu kuliko inavyodhaniwa.

Mchezo wa Dhima ni Nini?

Mchezo wa dhima wa mezani huchezwa na watu wachache, kwa kawaida kati ya watatu na saba, walioketi pamoja wakiwa na penseli, karatasi na dadu. Mmoja wao ndiye refa. Huyu huueleza ulimwengu: mandhari, hali ya hewa, maadui, wafanyabiashara na wapita njia wote. Kila mmoja wa waliosalia huwa na mhusika mmoja tu, ambaye sifa zake zimeandikwa kwenye karatasi. Refa husema, "Mlango umefungwa kwa ndani na mnasikia nyayo." Wachezaji husema wahusika wao watafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu au la, dadu hurushwa.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua mara moja kwamba refa ni fanani wa aina fulani. Tofauti ni kwamba hadhira yake haiketi nje ya ngano ikiitikia. Imo ndani ya ngano yenyewe, na inaweza kuipinda njia ambayo fanani alikusudia kuipitisha. Hakuna matini iliyoandikwa kabla. Kisa huzaliwa katika utendaji na hufa nao, isipokuwa katika kumbukumbu za waliokuwapo.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka wa 1974. Haukuwa wa kisayansi. Ulihusu mashujaa, majoka na mapango. Lakini tayari mali ilikuwa kitovu chake. Katika kanuni za mwanzo, sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa pangoni na kufikishwa salama ilihesabiwa kuwa alama moja ya tajriba, na tajriba ndiyo iliyomkuza mhusika. Kwa maneno mengine, kupata mali na kukomaa kulikuwa jambo moja. Dhana hii ni ya kutiliwa shaka kimaadili, na wengi wameitilia shaka, ila ilikuwa na faida moja: kila mchezaji alijua kwa nini mhusika wake ameondoka nyumbani.

Deni la Miaka Arubaini

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1977, kampuni ya Game Designers' Workshop ilichapisha mchezo wa Traveller, ambao mtungaji wake mkuu alikuwa Marc Miller. Huu ndio uliouweka msingi wa michezo ya dhima ya kisayansi, na ndio unaostahili kukaliwa kitako katika mjadala huu.

Katika Traveller mhusika haanzi akiwa kijana asiye na historia. Kabla ya mchezo kuanza, mchezaji humpitisha mhusika wake katika maisha ya kazi: jeshi la wanamaji, jeshi la nchi kavu, upelelezi wa anga, uchukuzi wa kibiashara na kadhalika. Kila muhula wa kazi ni miaka minne. Katika kila muhula dadu hurushwa ili kuona kama amepandishwa cheo, amejifunza nini, na kama angali hai. Kwani katika kanuni za awali mhusika aliweza kufa kabla hata hajaanza kuchezwa. Anapostaafu, hurusha dadu tena ili kujua ameondoka na nini. Mmoja huondoka na fedha taslimu, mwingine na bunduki, mwingine na tiketi ya safari ya daraja la juu. Mwenye bahati zaidi miongoni mwa wachukuzi huondoka na meli ya anga.

Hapo ndipo ufundi wa mchezo huu unapojitokeza, kwa sababu meli hiyo huja na deni. Meli ndogo ya mizigo na abiria ina bei ya kredi 37,080,000. Kanuni zinasema kwamba mwenye meli hulipa kila mwezi sehemu moja ya 240 ya bei hiyo, kwa miezi 480. Hiyo ni kredi 154,500 kila mwezi kwa miaka arubaini. Asipolipa, wenye mkopo hutuma watu wa kumtafuta kutoka sayari hadi sayari.

Inafaa hesabu hii ifuatwe hadi mwisho, maana ndani yake mna msuko mzima. Meli hiyo ina nafasi ya tani 82 za mizigo, vyumba kumi na vitanda ishirini vya usingizi wa barafu. Mabaharia wanne wakishachukua vyumba vyao, husalia sita vya abiria. Mzigo hulipiwa kredi 1,000 kwa tani. Abiria wa daraja la juu hulipa 10,000, na yule wa usingizi wa barafu hulipa 1,000. Safari moja, pamoja na siku za kukaa bandarini, huchukua takriban wiki mbili; kwa hiyo mwezi una safari mbili. Meli ikijaa pomoni, kila safari huleta kredi 162,000, na mwezi huisha kwa faida. Lakini ikijaa nusu, safari mbili huleta 162,000 kwa jumla. Ondoa 154,500 za deni, zinabaki 7,500. Mafuta peke yake kwa safari hizo mbili ni 30,000. Bado mishahara. Bado hewa na chakula cha waliomo. Bado matengenezo.

Mmiliki yeyote wa matatu ya mkopo aliyewahi kungoja abiria wa mwisho katika steji ya mjini Kisii, gari likielekea Keroka na mchana ukiyoyoma, anaielewa hali hii bila kufafanuliwa. Hawezi kuondoka na viti vitupu, na hawezi pia kuendelea kungoja. Na akija mtu mwenye mzigo usioulizwa maswali, akatoa malipo maradufu, mmiliki huyo atamsikiliza.

Huo basi ndio uamilifu wa mali katika Traveller. Refa hahitaji kubuni jitu la kuwatoa wahusika nyumbani, wala mzee wa kuwapa jukumu takatifu. Deni limekwisha kufanya kazi hiyo. Mhusika aliye mwadilifu kwa maneno hujikuta mbele ya mzigo haramu huku tarehe ya malipo ikiwa keshokutwa, na hapo uadilifu wake hupimwa. Hata abiria maskini wamewekewa nafasi yao ya kutisha: usingizi wa barafu ni wa bei nafuu kwa sababu anayelala huenda asiamke. Hatari ya kifo imegeuzwa kuwa tofauti ya nauli. Hakuna hotuba yoyote kuhusu matabaka katika kitabu hicho, lakini matabaka yamo ndani ya orodha ya bei.

Zana na Kiwango cha Teknolojia

Traveller ina wazo lingine la kuangaliwa. Kila sayari hupewa tarakimu inayoonyesha kiwango cha teknolojia chake, kuanzia ufundi wa mawe hadi mashine zinazokiuka mwendo wa nuru. Silaha au dawa fulani haipatikani kwenye sayari ambayo kiwango chake ni cha chini. Aidha, kila sayari ina kiwango cha sheria, ambacho huamua ni silaha zipi mgeni anaruhusiwa kushuka nazo. Kwa hiyo zana si sifa ya mhusika peke yake. Ni uhusiano kati ya mhusika na mahali. Bunduki ileile ni kitu cha kawaida hapa, kosa la jinai pale, na muujiza kwingineko.

Historia ya Gusii inao mfano ambao haukubuniwa na refa yeyote. Mwaka wa 1905 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipeleka kikosi katika nchi ya Abagusii. Wapiganaji walioikabili walikuwa na mikuki na ngao. Kikosi kilikuwa na bunduki na bombomu ya Maxim. Mwezi wa Januari 1908, kijana aliyeitwa Otenyo, aliyechochewa na nabii Moraa wa Kitutu, alimchoma mkuki afisa wa kikoloni G.A.S. Northcote, ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti. Northcote alijeruhiwa lakini hakufa. Miaka mingi baadaye, kuanzia 1937 hadi 1941, alikuwa gavana wa Hong Kong. Simulizi za Abagusii zinashikilia kwamba Otenyo alikatwa kichwa na fuvu lake likapelekwa Uingereza. Lililo katika kumbukumbu za serikali yenyewe ni kwamba kikosi cha kulipiza kisasi kilitumwa mwaka huohuo wa 1908, kikaua watu wengi, kikachoma nyumba na kutwaa maelfu ya ng'ombe. Mauaji yalizidi kiasi cha kumfanya Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu waziri katika Wizara ya Makoloni, kuandika kuyalalamikia.

Mhakiki akitazama kisa hiki kwa jicho la mchezo wa dhima, ataona kwamba mkuki wa Otenyo na bombomu ya Maxim ni zana za viwango viwili tofauti vya teknolojia zilizokutana juu ya kilima kimoja. Ujasiri wa mtu haukupungua kwa sababu mkuki ulikuwa duni. Uliobadilika ni uwanja wa matendo yaliyowezekana. Mwenye mkuki analazimika kukaribia. Ni lazima avizie, amngojee adui apite, aikaribie pumzi yake. Mwenye bombomu hahitaji kuuona uso wa anayemuua. Ndiyo maana simulizi ya upande mmoja ina jina la mtu, jina la nabii aliyemtuma na mahali alipojificha, ilhali taarifa ya upande wa pili ni hesabu ya maiti na ya mifugo. Zana zimeamua hata namna ya kusimulia.

Jambo hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Fumo Liyongo, pamoja na nguvu zake zote, hakutoka gerezani kwa nguvu. Alitoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate na kuletwa na kijakazi Saada. Na hakuuawa kwa jeshi; aliuawa kwa chuma cha shaba kilichochomwa kitovuni. Zana mbili ndogo, moja ya kumfungua na nyingine ya kumfunga, zimebeba msuko wa utendi mzima. Wahakiki wameandika mengi kuhusu ushujaa na usaliti katika utendi huo, lakini tupa ile haijapewa haki yake.

Ng'ombe Aliye Zaidi ya Ng'ombe

Kasoro ya michezo mingi ya dhima ni kuichukulia mali kama tarakimu tu. Mchezaji ana kredi elfu tano. Akinunua bastola, zinabaki elfu nne na ushei. Mali haikumbuki ilikotoka, na haimdai mtu chochote isipokuwa deni la benki. Hapa utaratibu wa kale wa Abagusii una la kuufundisha mchezo huo.

Katika jamii hiyo ng'ombe walikuwa mali kuu, na vijana waliwalinda katika kambi zilizoitwa ebisarate, mbali kidogo na maboma ya wazee. Kambi hizo zilikuwa ghala la mali na ngome ya vita kwa pamoja, na haishangazi kwamba serikali ya kikoloni ilizivunja katika miaka ya 1910. Lakini kazi kubwa ya ng'ombe ilikuwa mahari. Kijana aliyetaka kuoa aliwategemea kwa kawaida ng'ombe walioletwa kwa ajili ya dada yake. Ndoa ya dada ndiyo iliyoiwezesha ndoa ya kaka. Mtu alipomtazama ng'ombe zizini aliona mnyama, lakini aliona pia dada aliyeolewa Bonchari, na mke ambaye angetoka Bomachoge, na watoto ambao hawajazaliwa. Mwanaanthropolojia Philip Mayer, aliyechunguza mahari ya Abagusii na kuchapisha kitabu chake mwaka wa 1950, alilieleza suala hili kwa kina, pamoja na misukosuko iliyotokea wakati idadi ya ng'ombe wa mahari ilipopanda kiasi cha kuwafanya vijana wengi washindwe kuoa kwa utaratibu.

Kwa msingi huu, maana ya tukio la 1908 inageuka. Askari waliposwaga maelfu ya ng'ombe, kitabu cha hesabu kiliandika mifugo. Kumbe zilizoondolewa ni ndoa. Kila kundi lililovushwa mto lilikuwa na ahadi ndani yake, za akina kaka waliokuwa wakingoja na za akina baba waliokuwa bado wanadaiwa. Mchezo wa dhima ambao ungeiandika hasara hiyo kama "ng'ombe kumi wamepungua" ungekuwa umesema kweli bila kusema lolote.

Hata mapambo ya mwili yalifuata mantiki hiyohiyo. Mwanamke aliyekamilishiwa sherehe ya ndoa iliyoitwa enyangi alivaa bangili za chuma miguuni, ziitwazo ebitinge. Kilikuwa chuma kilichosemwa: kilitangaza kwamba ng'ombe wamepokelewa, koo mbili zimeshuhudia, na mwenye kuvaa ana nafasi isiyopingika katika boma lile. Mfua chuma alikitengeneza, lakini jamii ndiyo iliyokipa uzito.

Inafaa chuma hicho kilinganishwe na kile kinachopatikana katika michezo ya kisayansi ya miaka ya 1980. Katika Cyberpunk, mchezo uliotungwa na Mmarekani Mweusi Mike Pondsmith na kutolewa mwaka wa 1988, na katika Shadowrun uliotoka mwaka wa 1989, mhusika hununua sehemu za mwili: jicho linaloona gizani, mkono wa chuma, mishipa iliyoharakishwa. Kila kiungo kina bei mbili. Ya kwanza ni fedha. Ya pili hutolewa katika utu wenyewe, kwani kanuni hupunguza kiwango cha ubinadamu wa mhusika kila anapotiwa chuma kipya, na akizidisha huwa si mtu tena, refa humchukua. Katika Shadowrun, mchezaji hulazimika pia kupanga vipaumbele vyake tangu mwanzo: akitaka mhusika tajiri, ni lazima akubali awe duni katika jambo jingine, kama vile stadi au uchawi. Utajiri haupatikani bure hata kabla ya kisa kuanza.

Chuma cha ebitinge kilimfunga mvaaji kwa watu. Chuma cha Cyberpunk humkata na watu. Pengine hii ndiyo tofauti kubwa zaidi kati ya mali ya jamii na mali ya soko, nayo inaonekana vizuri zaidi mwilini kuliko katika risala yoyote ya uchumi.

Ulimwengu Usio na Fedha

Ipo michezo iliyojaribu kuiondoa fedha kabisa. Eclipse Phase, uliochapishwa mwaka wa 2009, umejenga wakati ujao ambapo mashine zinaweza kuunda karibu kila kitu, na katika maeneo mengi ya mfumo wa jua fedha hazina kazi. Badala yake mhusika ana sifa njema, au mbaya, katika mitandao mbalimbali ya watu. Akihitaji chombo, haendi dukani, huwaomba wanaomjua. Akiomba kupita kiasi bila kurudisha fadhila, jina lake huchuja. Mzee yeyote wa Gusii aliyewahi kumwekea rafiki ng'ombe wake zizini angeuelewa mchezo huu haraka kuliko vijana walioutunga.

Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka hapa Katama Mkangi na riwaya yake ya Walenisi ya mwaka wa 1995, ambamo Dzombo, mtu aliyehukumiwa kwao, anasafiri kwa chombo cha angani na kufika katika nchi isiyo na unyonyaji. Jina la nchi hiyo limeundwa kwa maneno "wale ni sisi". Riwaya hiyo huhakikiwa zaidi kwa itikadi yake, na ni sawa. Lakini swali la zana halijaulizwa vya kutosha. Dzombo anafika katika ulimwengu mpya akiwa ndani ya chombo ambacho si chake, kilichoundwa na utawala uliotaka kumwangamiza. Chombo cha adhabu kimekuwa chombo cha ukombozi. Mtunzi hakuhitaji kuyaeleza haya kwa urefu. Chombo chenyewe kinayaeleza.

Upungufu unaoonekana katika hadithi fupi za kisayansi zinazotungwa na wanafunzi wengi wa Kiswahili unatokana na jambo hilihili. Shujaa huamka asubuhi, akaingia ndani ya roketi, akaruka. Roketi haina mwenyewe, haina fundi, haina mafuta wala deni. Kwa hiyo haina uzito, na shujaa aliyemo naye hupaa kama karatasi. Hadithi ya namna hiyo haiponi kwa kuongezewa maneno ya kisayansi. Wakati mwingine sentensi moja kuhusu mtu aliyedhamini mkopo ingetosha.

Ni haki pia kutaja udhaifu wa upande wa pili. Vitabu vya michezo hii huweza kuwa na kurasa nyingi za bunduki ambazo hutofautiana kwa jina tu, na wapo wachezaji wanaogeuka wahasibu, wakatumia jioni nzima kuhesabu risasi na uzito wa kamba huku kisa kimesimama. Orodha si usawiri. Zana hupata maana pale tu inapomlazimisha mhusika kuchagua.

Jaribio: Meza Moja Nyamira

Kwa kuwa utanzu huu hueleweka kwa utendaji, inafaa uangaliwe mfano mdogo wa kubuni. Na tuchukulie kwamba wanafunzi wanne wameketi katika chumba kimoja mjini Kisii, na mmoja wao ni refa. Wanahitaji karatasi, penseli na dadu mbili. Wachongaji wa mawe wa Tabaka, ambao tayari huchonga seti za sataranji za kuuzwa ng'ambo, wangeweza kuwachongea dadu hizo kwa jiwe la sabuni. Mandhari ni Nyamira ya miaka mia mbili ijayo. Mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena hadi familia inamiliki mistari michache ya michai, na majani huchukuliwa na vyombo vidogo vinavyoruka kutoka vilimani hadi viwandani.

Mhusika wa kwanza ni rubani wa chombo kimoja cha aina hiyo. Katika karatasi yake, chini ya jina, mchezaji ameandika: chombo kimoja, kimetumika, injini ya pili haiaminiki. Hapo refa anamuuliza kilinunuliwaje. Mchezaji anafikiri, kisha anaandika kwamba malipo ya awali yalitokana na mahari ya dada yake. Refa anauliza kama dada huyo angali katika ndoa hiyo. Hakuna anayejua. Dadu zinarushwa. Zinaonyesha kwamba hapana: amerudi nyumbani, na wakwe wanataka mali yao irudi.

Mhusika wa pili ni muuguzi ambaye chombo pekee alicho nacho ni sanduku la dawa la kliniki, linalomilikiwa na serikali ya kaunti. Mhusika wa tatu ni kijana asiye na kitu chochote isipokuwa sifa. Kila mtu kutoka Kebirigo hadi Nyansiongo anamjua kwa kuwa hajawahi kuvunja ahadi. Kwa mtazamo wa kredi yeye ndiye fukara zaidi. Kwa mtazamo wa mchezo, ndiye mwenye mali inayoweza kutumika mara moja tu, kwani akidhamini deni lisilolipwa, hana pa kuirudisha.

Mchezo unaanza Ijumaa jioni. Awamu tatu za mkopo hazijalipwa, na wakala wa benki anangoja Keroka. Wakwe wamekwisha fika bomani na wameketi chini ya mti, hawataki chai. Muuguzi anaingia akihema: kilima cha pili kuna mgonjwa ambaye hatafika asubuhi bila dawa zilizomo sandukuni, na barabara imekatwa na maji. Injini ya pili inakohoa. Kijana mwenye sifa anatazamwa na wote, na wakwe pia wanamtazama.

Refa anaweka penseli chini, anauliza wanafanya nini, na kungoja.